Paa limegoma, sakafu imelowa: kutafuta hitilafu za gari la michezo la paa la kukunja jijini Dar

Kabla hujamruhusu fundi afungue plastiki za ndani ya gari au achomeke mashine ya kupimia, fanya mambo mawili: pima umeme wa betri, kisha kagua mifereji ya maji ya paa. Magari haya, iwe Mercedes-AMG SL, Porsche 911 Cabriolet, BMW Z4 au Bentley Continental GTC, yanasifiwa kwa injini na mbio. Ila kwa Dar, injini ndiyo inayosumbua kidogo. Kinachoyaangusha ni maji, chumvi ya bahari, foleni na kukaa bila kuendeshwa. Gari linalotoka Masaki Jumapili jioni, likaenda Coco Beach na kurudi getini, huharibika haraka kuliko linalopiga safari ya Bagamoyo kila wiki.

Tumepanga kwa dalili. Katika kila dalili chanzo cha kawaida kimetangulia, cha nadra kimekaa mwisho. Kama gari bado lina waranti, ishia kwenye macho, mikono na mita ya umeme. Ukifungua bolti tu umeshampa muuzaji sababu ya kukataa dai lako.

Paa halifunguki, au linaanza halafu linasimama

Sikiliza kwanza. Bonyeza swichi injini ikiwa inaunguruma na redio imezimwa. Kimya kabisa maana yake gari limekataa amri: kuna sharti halijatimia au sensa haisomeki. "Tak" moja kisha kimya huwa ni rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) au umeme mdogo. Pampu ikivuma bila paa kusogea, shida iko kwenye mafuta ya haidroliki au kwenye silinda.

Kimya ndicho malalamiko ya kila siku, na mara nyingi hakuna kilichokufa. Buti halijafungwa sawasawa. Kizuizi cha mizigo ndani ya buti kimeinuliwa ili begi lienee. Kwenye SLK za paa la chuma kuna pazia la buti ambalo lazima livutwe na kushikizwa pande zote mbili. Upande mmoja ukichomoka, paa halisogei hata sentimita. Mwendo nao una kikomo: SL ya sasa (R232) hukunja paa kwa sekunde 15 hivi, mradi usizidi kilomita 60 kwa saa, na 911 Cabriolet kwa sekunde 12 hivi hadi kilomita 50. Ukizidi hapo, gari likikataa liko sahihi. Sababu huandikwa kwenye dashibodi, na kwa gari lililoshuka meli kutoka Japani inaweza kuwa imeandikwa Kijapani. Ipige picha uitafsiri kwa simu kabla hujaanza kubahatisha.

Masharti yote yakiwa sawa, nenda kwenye betri. Pampu ya paa inavuta umeme mwingi, na kompyuta ya gari huizuia mapema ikiona umeme ni mdogo. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma volti 12.6 hadi 12.8. Kwenye 12.4 imebaki kama robo tatu, na kwenye 12.2 ni kama nusu. Injini ikiwaka tarajia 13.8 hadi 14.8. Mwambie mtu abonyeze swichi ya paa huku unatazama mita: umeme ukiporomoka ghafla wakati betri ilisoma vizuri, kagua vichwa vya betri na waya wa ardhi. Kwa nyumba za kando ya bahari, ule unga wa kijani au mweupe kwenye viungo vya waya ni jambo la kawaida.

Halafu kuna la sherehe. Paa limefunguliwa na kufungwa mara nne mfululizo wageni wakirekodi, la tano likagoma. Pampu imepata joto na imejizima kujilinda. Iache nusu saa.

Betri imebadilishwa juzi na paa halifanyi kazi tangu siku hiyo? Vioo vimepoteza kumbukumbu. Milango ya magari haya haina fremu, kwa hiyo kioo hushuka kidogo kila unapofungua mlango, na paa haliendi mpaka kompyuta ijue kioo kiko wapi. Kwa magari mengi dawa ni kupandisha kioo hadi mwisho, kuendelea kushikilia swichi juu kwa sekunde tano hivi, kukishusha hadi mwisho na kushikilia tena, kisha kurudia kwa kila kioo. Utaratibu kamili umo kwenye kitabu cha gari.

Baada ya hapo ndipo ufike kwenye fyuzi, rilei na sensa ndogo zilizoko kwenye komeo za paa. Sensa moja iliyolegea inatosha kusimamisha paa zima. Hapa mashine ya kupimia ina faida yake, kwa sababu itakutajia ni komeo gani halisomeki. Ila mashine inataja pasipoonekana umeme tu. Haijui kama sensa imekufa, waya umekatika au maji yameingia kwenye kiungo. Fundi anayeagiza sensa mpya kabla ya kufungua kiungo na kukitazama anakubahatishia kwa pesa yako.

Mwisho kabisa ni haidroliki. Tafuta mafuta yaliyochuruzika kwenye kitambaa cha dari karibu na kioo cha mbele, pembeni mwa buti au kuizunguka pampu. Kama mafuta yamepungua, weka yale yaliyoandikwa kwenye kopo la pampu au kwenye kitabu. Usiweke mafuta ya breki hata kidogo: yanavimbisha sili za mfumo uliotengenezewa mafuta ya aina nyingine, na baada ya wiki chache utakuwa na silinda zote zinazovuja badala ya moja.

*Simama hapa.* Paa likikwama katikati, usilisukume kwa mabega na usiendeshe gari. Kitabu cha gari kinaeleza namna ya kulifunga kwa dharura, na kwa kawaida unahitaji ufunguo wa pembe sita na watu wawili. Vidole visikaribie bawaba. Pampu yenye shinikizo na paa la kilo nyingi havisamehe. Jambo jingine: usifungue paa ndani ya maegesho ya chini ya jengo kabla hujatazama dari, maana paa likiwa njiani hupanda juu kuliko gari lenyewe.

Sakafu imelowa, kuna uvundo, vioo vinafuka ukungu asubuhi

Hii ndiyo dalili ghali kuliko zote, ingawa chanzo chake kinashikika kwa vidole viwili.

Paa la turubai halikuundwa kuzuia kila tone. Maji yanayopita pembeni huingia kwenye bonde lililo nyuma ya viti, mle paa linamolala likikunjwa, kisha hutoka kwa mifereji miwili inayoshuka karibu na magurudumu ya nyuma. Sasa egesha gari hilo chini ya mkrismasi wa Oysterbay. Ule mti una vijani vidogo kama punje za mchele, na vinadondoka kwa maelfu. Vinapita kwenye ukingo wa mpira, vinatua bondeni, vinachanganyika na vumbi na kuwa tope jeusi kama la mtungi wa maua. Masika ya Machi hadi Mei yakifika, bonde linageuka beseni. Vuli nayo hufanya hivyohivyo, kwa kiasi kidogo.

Maji yakikosa pa kutokea hayabaki mahali pamoja. Kwenye BMW Z4 za kwanza (E85) yanaifikia mota ya pampu ya paa, ambayo iliwekwa humohumo bondeni, na ndiyo maana paa lililogoma na mfereji ulioziba mara nyingi ni ugonjwa mmoja. Kwenye Porsche Boxster za mwanzo (986) yanashuka hadi kwenye kompyuta ya alamu na kufuli iliyo chini ya kiti. Baada ya mvua gari halisomi ufunguo, na mwenyewe anaanza kutafuta fundi wa funguo.

Jinsi ya kukagua: kunja paa nusu, au liinue kwenye hatua ya huduma kama kitabu kinavyoelekeza, ili uone bonde. Ondoa majani kwa mkono na mashine ya kunyonya vumbi. Mimina maji safi polepole, robo lita upande mmoja, huku mtu amechuchumaa nyuma ya gurudumu. Maji yanatakiwa yaonekane chini baada ya sekunde chache. Yakikawia au yakitoka matone, mfereji umebanwa.

Kuzibua tumia uzi wa plastiki wa mashine ya kukatia nyasi, unene wa milimita 2 hivi, ncha yake uiyeyushe kidogo iwe mviringo. Usukume taratibu ukiuzungusha. Usitumie waya wa chuma, utatoboa mpira. Na usikubali waosha magari wapige upepo wa kompresa kutoka juu: mpira wa mfereji unachomoka kwenye kiungo chake ndani ya bodi, na kuanzia siku hiyo kila mvua inaingia moja kwa moja chini ya kapeti. Nje utaona maji hayatuami tena ukadhani umepona. Fanya kazi hii mara moja kabla ya masika na mara moja kabla ya vuli. Gari linalolala chini ya miti, kila mwezi.

Si kila maji ni ya mvua. Maji safi na baridi upande wa mbele wa abiria, siku ya jua na AC imewashwa, ni mfereji wa AC ulioziba. Kwa unyevunyevu wa Dar, AC inatoa maji mengi, na gari lililoegeshwa likiwa na AC linatakiwa kuacha dimbwi chini yake. Usipoliona, maji yanaishia ndani. Maji yenye utelezi na harufu tamutamu ni kulanti (maji ya kupozea injini) inayovuja kwenye hita, hiyo ni kazi ya gereji. Na yakiwa yanachuruzika kwenye paja lako wakati wa kuosha, tazama mpira wa mlango na mkao wa kioo. Bomba la shinikizo likiwekwa sentimita kumi kutoka kwenye mpira litapitisha maji hata kwenye gari la wiki jana.

Kapeti likilowa, kulianika juani hakutoshi. Chini yake kuna sponji nene inayoshika lita kadhaa. Lazima viti vitoke, kapeti liinuliwe na sponji ikauke kabisa. Hapa kuna onyo: ndani ya viti, milango na nyuma ya vichwa vya viti kuna mifuko ya hewa na vyuma vya kukinga gari likipinduka, na baadhi hufyatuka kwa baruti. Anayechomoa viti bila kukata betri na kusubiri muda ulioandikwa na mtengenezaji anacheza na mlipuko. Mpe fundi anayejua.

Kama gari limeingia maji ya mafuriko hadi usawa wa viti, hakuna ukaguzi wa nyumbani. Usiwashe, hata kujaribu. Maji yakiwa ndani ya silinda, injini inapinda vyuma kwa mzunguko mmoja tu. Matoleo ya haibridi, yaani ya petroli na umeme, kama SL 63 S E Performance na 911 GTS ya 2024, yana mfumo wa volti 400. Waya za rangi ya chungwa haziguswi na fundi wa kawaida, gari likiwa kavu au limelowa. Agiza gari la kubeba, siyo la kuburuza kwa kamba.

Betri inakufa kila baada ya siku chache

Chanzo cha kwanza ni matumizi. Kilomita tano za foleni hazirudishi umeme uliotumika kuwasha, kupoza na kukunja paa. Chanzo cha pili ni ufunguo unaotundikwa karibu na mlango wa gereji: gari linausikia na halilali. Uweke mbali, mita kumi au zaidi. Cha tatu ni vifaa vilivyoongezwa, hasa trakingi, kamera na spika, vilivyoungwa kwenye waya wenye umeme wa kudumu.

Kupima: funga gari, subiri saa moja lilale kabisa, kisha pima mkondo unaotoka kwenye betri. Chini ya miliampia 50 ni sawa. Zaidi ya hapo chomoa fyuzi mojamoja mpaka mkondo ushuke, na hapo umempata mla umeme. Kifaa chochote kilichofungwa mtaani kishukiwe kwanza.

Mengi ya magari haya hutumia betri ya AGM, ambayo asidi yake imefyonzwa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo. Ukiibadilisha na betri ya kawaida ya bei nafuu, itachajiwa vibaya na haitadumu. BMW inataka betri mpya isajiliwe kwenye kompyuta, vinginevyo gari linaendelea kuichaji kama ile kuukuu. Gari la kukaa ndani linahitaji chaja ndogo ya kulinda betri, na chaja hiyo ipitie kifaa cha kulinda dhidi ya umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Unapobusti, tumia nguzo zilizo chini ya boneti hata kama betri yenyewe iko kwenye buti.

Joto linapanda kwenye foleni, AC inatoa hewa ya moto

AC ikipoteza baridi ukisimama Mwenge na kuirudisha ukishika kasi Daraja la Tanzanite, hewa haipiti mbele ya gari ukiwa umesimama. Piga magoti na tochi. Magari kama 911 na Boxster yana rejeta kwenye pembe za bampa la mbele, zinazokusanya majani makavu, karatasi na manyoya. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na imepungua, ila majani hayakusikia tangazo. Taka hizo zikilowa maji yenye chumvi zinakula alumini ya kondensa (rejeta ya gesi ya AC) mpaka gesi inavuja. Zitoe kwa brashi laini na maji ya shinikizo dogo, mara mbili kwa mwaka. Sehemu nyingine lazima bampa lishuke.

Zikiwa safi, angalia feni: AC ikiwashwa zote zinatakiwa kuzunguka. Kisha kiwango cha kulanti gari likiwa baridi. Kisha thamostati na pampu ya maji. Gasketi ya kichwa ni ya mwisho, na moshi mweupe au mapovu kwenye kopo la kulanti ndiyo dalili yake.

Usiongeze maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi ndani ya injini ya alumini ni kutu. Kulanti ya aina iliyoagizwa, nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (distilled), ndiyo inayotakiwa. Kwa dharura barabarani, maji ya kunywa ya chupa, ukabadilishe wiki hiyohiyo. Taa nyekundu ya joto ikiwaka, simama mahali salama, zima injini na usiguse kifuniko kwa dakika 45. Mvuke wake unaunguza uso.

Kukwaruza chini na mlio wa kitu kinachopepea

Matuta. Mengine yamejengwa kana kwamba yanasubiri lori. Gari lenye kifaa cha kuinua pua hupata milimita 30 hadi 40 za ziada. Kiwashe kabla ya tuta, si juu yake. Lisilo nacho lipitishe kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine. Mlio wa kupepea unaoanza kilomita 80 kwa saa ni plastiki ya chini iliyopoteza skrubu. Ifunge siku hiyohiyo, kwa sababu ndiyo inayoelekeza hewa kwenye rejeta na breki. Uvimbe ubavuni mwa tairi baada ya shimo hauzibwi. Ni tairi jipya, na mara nyingi hakuna spea tairi ndani ya gari.

Injini inagonga au inakosa nguvu baada ya kujaza mafuta

Soma stika ya ndani ya kifuniko cha tangi: nyingi zinataka oktani 98, na 95 kama kiwango cha chini. Mafuta yakiwa duni kompyuta hupunguza nguvu kujilinda. Endesha polepole, ukifika nusu tangi jaza kituo kingine, tunza risiti. Ikiendelea, plagi na koili. Taa ya injini ikipepesa, maana yake injini inamisi na inaunguza kikatalisti, kichujio cha moshi kwenye ekzosi: simama.

Breki zinalia asubuhi

Kutu nyepesi ya usiku wa unyevunyevu. Ikiisha baada ya kukanyaga mara kadhaa, achana nayo. Mtetemo kwenye usukani ni habari nyingine. Diski za kauri hazichongwi kwenye leidhi kama za chuma. Atakayejitolea kuzichonga mnyang'anye ufunguo.

Turubai lina ukungu, madoa au linaachana na kioo

Ukungu hutokana na kukunja paa likiwa limelowa. Liache likauke likiwa limefungwa, kivulini. Kinyesi cha kunguru usikikwangue: weka kitambaa chenye maji juu yake kwa dakika kumi, kiinue, suuza. Osha kwa shampuu laini ya magari na brashi ya nywele, kufuata uzi wa kitambaa. Sabuni ya unga na dawa ya madoa zinapausha rangi na kuua kinga ya maji. Kinga hiyo irudishwe maji yanapoacha kufanya matone, turubai likiwa kavu kabisa. Mipira ya paa ipakwe mafuta ya silikoni pekee. Grisi na mafuta ya mgando huivimbisha.

Ukiona uwazi kati ya turubai na kioo cha nyuma, hata wa upana wa wembe, acha kufungua paa. Kila mkunjo unaurefusha. Gundi ya viatu hukauka ngumu na kupasua kitambaa pembeni yake, kisha fundi hana ukingo wa kushika. Bandika utepe usiopitisha maji kwa nje, na upeleke gari kwa fundi wa turubai likiwa limefungwa.